Somo la Westbourne

Mkufunzi wetu wa alama za vidole hakuanza na unga wala brashi siku ile. Alianza na Sir Harry Oakes, tajiri wa dhahabu aliyekutwa ameuawa kitandani asubuhi ya tarehe 8 Julai 1943 katika Westbourne, jumba lake la ufukweni huko Nassau, visiwa vya Bahamas. Usiku ulikuwa wa dhoruba. Majeraha manne karibu na sikio la kushoto, kitanda kimeunguzwa, manyoya ya mto yamemganda mwilini. Mgeni aliyelala ghorofa hiyohiyo alisema hakusikia ugomvi wowote.

Gavana, Duke wa Windsor, akaita wapelelezi wawili kutoka Miami. Walifika bila kamera ya alama za vidole.

Mkufunzi akaweka mezani glasi na chano cha mbao kilichochorwa maua. Tulipitisha kidole kwenye paji la uso kupata mafuta, tukagusa vyote viwili. Brashi inachovywa ncha tu, inakung'utwa, halafu inapita juujuu. Mistari ikianza kuonekana unaifuata inakoelekea. Ukikandamiza, unaifuta. Hewa ya pwani ilikuwa nzito, na unga ukaanza kujaa katikati ya mistari. Hata wale wa Miami walisema unyevu uliwazuia kupaka unga siku ya kwanza. Hilo, alisema mkufunzi, walikuwa sahihi: unga hushika maji kama unavyoshika mafuta.

Mkanda wa gundi unaulaza kuanzia ncha moja, ukiusukuma kwa dole gumba ili hewa itoke, kisha unauvuta kwa mkupuo mmoja. Tukabandika kwenye kadi. Ile ya glasi ilikuwa safi. Ile ya chano ilikuja na vinyweleo vya mbao na kingo za maua nyuma ya alama.

Ndipo tukaielewa kesi. Alama ya kidole kidogo cha mkono wa kulia cha Alfred de Marigny, mkwe wa marehemu aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, ilidaiwa kutoka kwenye pazia la Kichina la kukunja, lenye michoro, lililokuwa chumbani. Ilinaswa kwa mpira wenye gundi, haikupigwa picha mahali pake. Utetezi ukaonyesha kwamba nyuma yake hamkuwa na michoro ya pazia lile, na kwamba mshtakiwa alikuwa ameshika glasi ya maji alipohojiwa humohumo jumbani; huenda alama ilitoka huko.

Mwenzetu akauliza, "Afande, mpira hauachi hata kidogo?"

"Unabeba unga wote. Mahakamani unabaki na neno lako tu."

Juri ilimwachia de Marigny Novemba 1943, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Sisi tukagusa chano upya, tukapaka unga, tukaweka rula kando ya alama, tukapiga picha kwanza: moja ya chano kizima, moja ya karibu. Mkanda ukafuata baadaye.