Polepole na ndugu yake poa

Katika msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro, neno polepole husikika sana hapa Moshi. Waongozaji huwaambia wageni kuanzia lango la Marangu hadi Kibo, na wageni wengi hurudi makwao wakiamini kwamba maana yake ni mwendo mdogo tu. Maana hiyo ni sahihi, lakini kwa maoni yangu imetokana na nyingine iliyo ya zamani zaidi.

Tazama tunavyolitumia pasipo na safari. Tunapomwambia mtoto afunge mlango polepole, tunataka mlango usigonge, hata akiufunga kwa sekunde moja. Anayeambiwa aseme polepole kwa kuwa mgonjwa amelala anatakiwa ashushe sauti. Kinachotajwa ni utulivu wa tendo, na kasi hufuata baadaye. Neno lenyewe ni pole iliyorudufiwa, pole ileile iliyomo katika mpole na upole, na ambayo tunampa aliyefiwa au aliyechoka na kazi.

Pole nayo ni ndugu wa kitenzi poa. Wazulu husema phola na Washona pora, kwa maana ya kupata ubaridi na pia kupona. Kiswahili kimezoea kuidondosha l iliyo kati ya irabu, ndiyo maana njala ya lugha nyingi za Kibantu kwetu ni njaa. Lakini l hiyo huonekana tena katika baadhi ya maneno yanayoishia na e, kama teua inavyozaa mteule, na hivyo ndivyo poa ilivyozaa pole. (Kijana wa mjini anayejibu "poa" akiulizwa mambo, na mwongozaji anayesema "polepole" huko juu, wanatumia neno la ukoo mmoja.)

Ukilichukua hivyo, agizo la mlimani linaeleweka vizuri zaidi. Kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takribani nusu ya ile ya pwani, na mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea. Anayepanda huku akihema ovyo amekwisha kuzidisha kasi, hata kama hatua zake ni fupi. Wapagazi huwapita wageni wakiwa na mizigo kichwani, na hakuna anayewakemea.

Haraka tuliichukua kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni msogeo tu. Kasi tumeiongeza wenyewe. Taratibu nayo imetoka huko, katika neno la mpangilio, na ndiyo sababu siioni kuwa sawa kabisa na polepole: anayekwenda taratibu amejipanga, anayekwenda polepole ametulia.

Imebaki tahajia. Fulana za watalii huandika "Pole Pole", maneno mawili, ilhali kamusi zetu huandika neno moja. Ukilitenganisha, msomaji anaweza kudhani unampa pole mara mbili, jambo ambalo aliyetoka kushuka Kibo pengine anastahili.