Jinsi Nilivyobadilisha Rejeta ya MX-5 ya Mwaka 1991, na Kwa Nini Rejeta Peke Yake Haikutosha

Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, lenye injini ya lita 1.6 na gia za mkono. Nililinunua likiwa bado na rejeta ya muundo wa kiwandani, yaani kiini chembamba cha alumini kilichobanwa juu na chini kwa matangi ya plastiki, na mpira wa kuziba ukiwa katikati yake. Plastiki hiyo huwa nyeusi inapokuwa mpya. Yangu ilikuwa imegeuka kuwa ya kahawia inayoelekea kijani, dalili ambayo wenye magari haya huifahamu vizuri, kwa sababu joto na shinikizo la miaka mingi huikausha plastiki mpaka ikapasuka, mara nyingi karibu na shingo ya mpira wa maji wa juu. Niliiona rangi hiyo siku ya kwanza nilipofungua boneti, na nikaipuuza kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kilichonizindua ni harufu. Baada ya kupanda mlima mrefu kwa mwendo wa kasi, nilisimama nikasikia harufu tamu ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, na nilipotazama nikakuta alama nyeupe zilizokauka pembezoni mwa tangi la juu. Geji ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imetulia katikati safari nzima. Baadaye nilijifunza kwamba geji ya gari hili imeundwa makusudi ili mshale ukae katikati kwa kiwango kikubwa cha joto, pengine ili dereva asihangaike kila mshale unapotikisika, na matokeo yake ni kwamba unapouona umeanza kupanda, injini imekwisha kuwa katika hali mbaya. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haikuhusu rejeta hata kidogo. Nilikata mpira wa maji wa juu, nikapachika kiungo cha chuma chenye tundu la kihisi, nikafunga geji ya tarakimu ndani ya gari. Bila hiyo geji, yote yaliyofuata yangekuwa ya kubahatisha.

Tarakimu zilieleza mengi. Kwenye foleni joto lilipanda mpaka feni ilipowaka, kisha likashuka, likapanda tena, kama inavyotakiwa. Kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kawaida lilikaa karibu na nyuzi 90 za Selsiasi. Lakini nikikanyaga mafuta kupanda mlima kwa kasi, lilifika nyuzi 108 na halikuonyesha nia ya kusimama. Mpangilio huo una maana yake: gari linalochemsha likiwa limesimama huwa na tatizo la feni, na linalochemsha likiwa kwenye kasi huwa na upungufu wa rejeta yenyewe, wa mzunguko wa maji, au wa hewa inayopita kwenye rejeta. Nilisoma kuhusu haya matatu, kisha nikayakumbuka mawili tu, na usahaulifu huo ulinigharimu siku nzima ya kazi kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kununua chochote nilijaribu vitu vya bei ndogo. Themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenda kwenye rejeta, niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ikafunguka karibu na nyuzi 88, jambo ambalo ni sahihi kwake. Kifuniko cha rejeta nilikipima kwa pampu ya shinikizo, nacho kilikuwa kikivuja mapema, nikakibadilisha. Kifuniko si kitu cha kudharau: mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huchemka karibu na nyuzi 107 au 108 ukiwa wazi, na ni shinikizo la takriban bar moja ndilo linalousogeza mpaka zaidi ya nyuzi 120. Nilipima pia iwapo gesi ya mwako ilikuwa ikiingia kwenye maji kupitia gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake, kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano, na ikabaki buluu. Ndipo nikaridhika kwamba rejeta ilikuwa imechoka. Nilipoipapasa mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vilivyo kati ya mirija, upande wa chini, yalimomonyoka kama majani makavu.

Katika kuchagua rejeta mpya nilijikuta kwenye mjadala wa zamani wa shaba na alumini. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi kuliko alumini, jambo ambalo watu hulitaja kana kwamba limemaliza ubishi. Lakini mirija ya shaba huunganishwa na mapezi kwa risasi laini ya kulehemu (solda), ambayo haipitishi joto vizuri na haina nguvu, kwa hiyo mirija lazima iwe myembamba. Mirija ya alumini inaweza kufanywa mipana bila kufura kwa shinikizo, ikagusa mapezi kwa eneo kubwa zaidi, na rejeta nzima ikawa nyepesi. Kilichonivutia zaidi lakini ni jambo dogo: matangi ya alumini yaliyochomelewa moja kwa moja kwenye kiini, bila plastiki na bila mpira wa kuziba. Hata kama isingepoza kwa nyuzi hata moja zaidi, nilitaka rejeta ambayo haitapasuka shingo nikiwa safarini.

Kuhusu unene, nilishawishika kununua kiini kinene kuliko vyote vilivyopatikana, nikajizuia. Kiini kinene hubeba maji mengi, lakini pia huizuia hewa, na hewa inayofika kwenye mirija ya nyuma huwa imekwisha kupata joto la mirija ya mbele. Zaidi ya hapo, kiini kinene huisogeza feni kuelekea kwenye injini, na katika gari hili nafasi hiyo ni ya vidole tu. Nilichukua chenye unene wa kati wa milimita 36.

Kuitoa rejeta ya zamani ilikuwa kazi ya saa moja na nusu, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba injini iwe imepoa kabisa, na kulanti inayomwagwa, takriban lita 6, ikingwe yote kwenye chombo, kwa kuwa utamu wake huvutia wanyama na sumu yake huwaua. Kuifunga mpya kulichukua siku nzima. Sehemu za namna hii huuzwa kwa maelezo kwamba zinaingia bila marekebisho, maelezo ambayo sasa nayasoma kwa tabasamu. Matundu ya kufungia kava la feni yalipishana na ya kava langu kwa milimita 8 hivi, ikanibidi nitengeneze vishikizo vidogo vya bati. Miguu ya chini ilikuwa minene kuliko mipira ya kukalia, na nilishawishika kuitupa mipira hiyo na kuifunga rejeta moja kwa moja kwenye bodi. Nashukuru sikufanya hivyo. Mipira huikinga rejeta na mtikisiko unaopasua viungo vilivyochomelewa, na pia huitenga na bodi ya gari ili umeme usipite humo. Niliipunguza miguu kwa tupa mpaka ikaingia.

Kosa kubwa la siku hiyo lilikuwa langu. Tangi la chini lilikuja na matundu mawili ya bomba za mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ambayo gari langu halina, na yalizibwa kwa vizibo vya kukaza. Kimoja kilitoa tone nilipojaza maji. Nilikikaza, kikaendelea kutoa tone, nikakikaza tena kwa spana ndefu zaidi, na hapo nikahisi ule ulaini wa kutisha ambao kila aliyewahi kuharibu uzi wa bolti anaujua. Uzi wa alumini hausamehe kama wa chuma. Niliishia kuitoa rejeta tena, kuchonga uzi mpya mpana kidogo, na kuweka kizibo kingine chenye washa laini ya shaba, nikikikaza kwa kiasi tu.

Kujaza na kutoa hewa kulihitaji subira. Niliinua pua ya gari kwa jeki na stendi ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo, nikafungulia hita mpaka mwisho wa joto, nikawasha injini bila kifuniko, na kuiminya mipira ya maji kwa mkono wenye glovu huku mapovu yakitoka. Baada ya themostati kufunguka maji yalishuka ghafla, nikaongeza, nikafunga kifuniko. Nilitumia maji yaliyotoneshwa, si ya bomba, kwa sababu madini ya maji ya kawaida hujenga ukoko ndani ya mirija na kuharakisha kuliwa kwa alumini.

Hapo nilitaka kupima tofauti ya joto kati ya juu na chini ya rejeta kwa kipimajoto cha infraredi, nacho kikanionyesha nyuzi 41 mahali ambapo sikuweza kuweka kidole. Kwa dakika kumi niliamini nina rejeta ya miujiza. Ukweli ni kwamba alumini inayong'aa hutoa mionzi michache ya joto na huakisi ile ya vitu vinavyoizunguka, kwa hiyo kipimo hudanganyika. Nilibandika vipande viwili vya utepe mweusi wa umeme, kimoja juu na kimoja chini, nikapima juu ya utepe, na tarakimu zikarudi kwenye akili zake.

Kisha nikaenda kwenye mlima uleule. Joto lilifika nyuzi 104. Baada ya gharama na jasho lote lile, nilikuwa nimepata nyuzi 4.

Nilirudi nikiwa nimekasirika, nikalala chini ya gari nikitafuta mahali maji yanapovuja, na badala yake nikaona lami moja kwa moja. Hapakuwa na kava la chini. Mmiliki aliyetangulia alikuwa ameliondoa, bila shaka kwa sababu linasumbua wakati wa kubadilisha oili, nami sikuwahi kujua kwamba linapaswa kuwapo. Kulikosa katika MX-5 ni jambo zito. Hewa ya kupoza huingia kupitia mdomo ulio chini ya bampa, na kava hilo ndilo linaloiongoza mpaka kwenye rejeta. Lisipokuwapo, sehemu kubwa ya hewa hupenya chini na kwenda zake, na nyingine huingia nyuma ya rejeta kutokea chini na kuongeza shinikizo pale pale ambapo hewa inatakiwa itoke. Hewa, kama maji, hupita palipo rahisi, na kiini chenye mapezi mengi si pahali rahisi. Ndiyo maana hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye kasi, na ndilo lile jambo la tatu nililokuwa nimelisahau.

Nilipata kava lililotumika, likiwa na ufa nilioushona kwa waya. Kisha nikawasha taa ndani ya chumba cha injini usiku na kuchungulia kupitia mdomo wa mbele: kila mahali nilipoona mwanga pembeni mwa rejeta palikuwa na mwanya wa hewa kutoroka. Palikuwa na mianya upande wa kushoto, upande wa kulia na mrefu zaidi juu, kwa kuwa rejeta mpya ilikuwa fupi kidogo kuliko ya zamani. Nikaiziba kwa sponji ngumu isiyonyonya maji pamoja na vipande vya karatasi ya plastiki. Kazi hiyo yote ilikuwa ya jioni moja.

Mlima uleule, kasi ileile, hali ya hewa inayokaribiana: nyuzi 94.

Nimejiuliza mara nyingi kama rejeta ya zamani ikiwa na kava la chini na sponji ingetosha. Nadhani ingekaribia, mpaka siku ambayo tangi lake lingepasuka. Kama ningeanza upya, ningeanzia chini ya gari.

Jambo la mwisho nililolifanya ni kupima umeme unaozurura ndani ya kulanti. Ncha hasi ya multimita niliiweka kwenye ncha hasi ya betri, na ncha chanya nikaichovya kwenye maji bila kugusa chuma, kisha nikawasha taa, feni na hita kimoja baada ya kingine. Kinachotafutwa ni kusoma chini ya volti 0.1. Feni ilipowaka nilipata 0.28, ikimaanisha kwamba waya wake wa eathi ulikuwa umeoza na umeme ulikuwa ukitafuta njia kupitia maji, na umeme wa namna hiyo unaweza kuitoboa rejeta ya alumini kwa muda mfupi. Niliukata waya huo, nikafunga mpya mpaka kwenye chuma kilichosuguliwa cha bodi, na kipimo kikashuka hadi 0.04. Sasa huwa napima kila ninapobadilisha kulanti, baada ya kila miaka miwili, na ile geji ya tarakimu bado iko pale juu ya redio.