Gramu 54, mara mbili

Leo nimerudia jaribio nililolipita juujuu nilipokuwa mwanafunzi. Kanuni niliikariri vizuri: densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo. Niliiandika kwenye mitihani na alama nikapata, lakini kichwani densiti ilibaki kuwa jina jingine la uzito.

Nilikuwa na vipande viwili, cha alumini na cha chuma. Kila kimoja mizani ilikisoma gramu 54. Nikajaza maji kwenye silinda ya kupimia hadi mililita 50, nikafunga alumini kwa uzi, nikaizamisha taratibu. Maji yakapanda hadi 70. Nikaitoa, nikarudisha maji penye 50, nikazamisha chuma. Nikainama hadi macho yakalingana na maji, kwa sababu uso wake hubonyea katikati na ukiutazama kwa juu utakosea. Safari hii yalisimama chini kidogo ya 57.

Nilikaa nikiutazama ule mstari. Gramu zile zile, ila chuma kimejibana kwenye kama theluthi moja tu ya nafasi ya alumini! Nikagawanya: alumini 2.7, chuma kama 7.8. Na ningekikata chuma katikati, nusu yake ingenipa 7.8 ile ile, maana tungamo na ujazo vinapungua pamoja. Namba hii ni ya chuma popote kilipo, si ya kipande nilichokishika.

Halafu kuna risasi na dhahabu. Atomi ya risasi ina tungamo kubwa kuliko ya dhahabu, 207 kwa 197, lakini densiti ya risasi ni 11.3 na ya dhahabu 19.3. Atomi za dhahabu zimesogeleana zaidi, basi.

Usiku huu namfikiria Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza. Naitrojeni aliyoipata kutoka hewani ilikuwa na kama gramu 1.257 kwa lita. Iliyotengenezwa kwa kemikali, kama 1.251. Wengi tungesema vipimo vimeteleza. Yeye alipima tena na tena, na mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza agoni, gesi nzito kuliko naitrojeni iliyokuwamo hewani siku zote. Imepatikana kwenye desimali ya tatu.

Densiti ya chuma inayokubalika ni 7.87. Mimi niliandika "kama 7.8" nikafunga daftari. Kesho nakizamisha tena kile kipande, kwenye silinda nyembamba zaidi.