Bolti Mbili

Mwaka 2011 nilikuwa namaliza mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilikuwa na shilingi milioni tisa na laki sita. Zilitoka kwenye fotokopi. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa na mashine tatu jirani na Hosteli ya Mabibo, na aliyesoma chuo enzi zile anajua jinsi mambo yalivyokuwa: mtihani ukibakiza wiki mbili, watu wanakumbuka ghafla kwamba wana masomo, wanakuja mbio na daftari la mwenzao kwapani, "nitolee lote." Boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, ikitoka walilipa, isipotoka tuliandika kwenye kaunta buku. Julai tukauza mashine, tukagawana.

Mama alipozisikia hizo pesa akasema kiwanja. Kilikuwepo kimoja Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, mwenyewe anamjua. "Kiwanja hakinywi petroli, mwanangu." Hilo halikuwa na jibu, nikakaa kimya, nikaendelea kutafuta gari.

Na nilitaka gari la kukimbia. Kulikuwa na mawili yanauzwa ambayo mfuko wangu ungeyafikia kwa kujinyoosha, namba zake za simu nimeziandika nyuma ya karatasi ya maswali ya thamodinamiki. La kwanza Toyota Altezza, ya dada mmoja wa benki aliyekuwa akikaa Mikocheni na amepata uhamisho wa Mwanza. La pili Toyota Celica, ile ya mwisho mwisho yenye macho marefu ya mbele, ya kijana wa rika langu aliyekuwa anaishi Sinza.

Lazima niseme kidogo kuhusu Altezza, maana Dar nzima ilikuwa na maoni juu yake. Vijana walibishana plagi: ya plagi sita au ya plagi nne? Wengi waliapa kwa plagi sita, kwa hesabu ya kawaida kwamba sita ni zaidi ya nne. Hesabu hiyo hapa inadanganya. Yenye plagi sita ilikuwa na injini ya 1G, lita mbili, nguvu za farasi 160 hivi, laini, inanguruma vizuri ukiwa umesimama mbele ya baa. Yenye plagi nne, RS200, ilibeba 3S-GE ya lita mbili hizo hizo, lakini ya gia za mkono ilitoa farasi 210, na gia zilikuwa sita. Ya dada wa benki ilikuwa ya plagi nne. Watu watatu walikuwa wameshakuja, wakafungua boneti, wakahesabu plagi, wakaondoka. Ndiyo maana bei ilishuka hadi milioni tisa na nusu.

Celica nayo bei ile ile. Ilikuwa na injini ya 2ZZ, lita moja na nukta nane tu, farasi 190. Lotus wa Uingereza waliichukua injini hiyo hiyo wakaitia kwenye Elise, na mimi jambo hilo nililijua na nilikuwa nikilisema hata pasipoulizwa. Siri yake iko kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kila roka, mkono unaosukuma valvu, ina migongo miwili ya kemshafti ya kuifuata, mdogo na mkubwa. Chini ya mizunguko elfu sita kwa dakika, injini inatembea na ule mdogo, kistaarabu, kama gari la mwalimu mkuu. Ukivuka hapo, na injini iwe imepata moto, presha ya oili inasukuma pini, mgongo mkubwa unashika, valvu zinafunguka zaidi, na gari linabadilika sauti ghafla, kama mtu aliyekuwa akinong'ona akapiga ukelele. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukelele huo kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeusoma tu, na nilikuwa nauota.

Kwa hiyo moyo ulikuwa Celica. Altezza niliipeleka mbele ya mjomba kama mtu anavyompeleka msindikizaji.

Mjomba alikuwa fundi Tanga, gereji yake Barabara ya Kumi na Mbili, na alikuja Dar kwa basi kwa ajili yangu tu, katikati ya Ramadhani. Ilikuwa wiki mbaya ya kujaribu magari. EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta, walikuwa wameshusha bei ya petroli, wenye vituo wakagoma kuuza, mji mzima unatembea na madumu. Umeme nao wa mgao. Nililala kwenye foleni ya kituo kimoja Ubungo nikapata lita kumi, mjomba akaziangalia zile lita kumi kama mtu anayeangalia futari ya watu sita kwenye sahani ya mmoja.

"Tano huku, tano kule," akasema. "Usichezee resi bure."

Tulianza na Altezza, jioni ile ile aliyofika. Dada wa benki hakutaka kutupa ufunguo. Aliendesha yeye, amevua viatu, mjomba kiti cha mbele na mimi nyuma, akatupeleka kwenye zile barabara za ndani za Mikocheni kwa mwendo ambao mjomba alianza kusoma dua kwa sauti. Mishale ya dashibodi ilikuwa imepangwa kama ya saa ya mkononi, ndani ya duara kuna viduara. Gari lilisukuma kutoka nyuma, zito kidogo, limetulia. Daftari la huduma lilikuwepo, kila oili imeandikwa tarehe. "Ila mkinunua," akasema akivaa viatu, "msije mkaifunga ekzosi ya makelele. Nitasikia hadi Mwanza." Mjomba aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza dakika nzima, akatikisa kichwa cha kuridhika. Mimi nilikuwa natazama saa.

Celica tuliijaribu kesho yake baada ya daku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Bagamoyo, tulipokwisha kuipita Boko na magari yakapungua. Kijana alinikabidhi usukani mwenyewe. Alikuwa mpole, anaongea polepole. Gari lilikuwa la kaka yake aliyekwenda kuishi nje, na sasa linauzwa kwa sababu wadogo zao wawili walikuwa wanatakiwa kulipiwa ada. Rangi bluu, bampa la nyuma lina ufa uliozibwa na kupuliziwa rangi ya bluu nyingine.

Mjomba alinizuia kukanyaga hadi mshale wa joto ulipopanda na kutulia. Kisha akasema, "Haya." Gia ya pili. Elfu nne, elfu tano, elfu sita. Nikabana meno. Elfu sita na mia tano, elfu saba. Hakuna kitu. Gari lilikuwa linakohoa njia moja hadi juu, sauti ile ile, nguvu imeisha. Nikarudia. Kimya.

"Ndivyo ilivyo tangu niichukue," kijana akasema. "Kwani ina shida?"

Mjomba hakumjibu. Akasema twende gereji ya rafiki yake Mwenge, tuifungue tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Kijana akakubali, akatuacha pale na ufunguo, akaenda shughuli zake akisema atarudi saa sita. Jenereta ilikuwa inaunguruma nyuma ya kibanda, mafundi wote wamefunga, hakuna anayeongea zaidi ya inavyohitajika. Mjomba akafungua kava, akatia sumaku ya waya kule chini ya roka, akaizungusha kama mtu anayevua dagaa. Ikatoka na kichwa cha bolti. Akairudisha. Ikatoka na kingine.

Aliviweka kiganjani mwangu. Vilikuwa bado vya moto.

Mimi nilijua mara moja. Injini za 2ZZ za mwanzo mwanzo zilikuwa na ugonjwa huo: bolti zinazoshika shafti ya roka zinakatika shingo, oili haifiki kwa presha inayotakiwa, mgongo mkubwa haushiki kamwe. Injini yenyewe haina kosa. Toyota baadaye walizibadilisha wakaweka bolti imara zaidi. Unatafuta hizo mpya mbili, unatoa mabaki ya zile zilizokatika, unafunga, umemaliza. Shughuli ya asubuhi moja, na gharama haifiki nauli ya familia kwenda Tanga na kurudi.

Mjomba hakuwa amesoma popote kuhusu 2ZZ, lakini alifika pale pale kwa njia yake. Alichungulia, akapapasa tundu kwa kidole, akasema, "Injini nzima hii. Bolti mbili tu." Kisha akatazama saa, maana basi lake lilikuwa linaondoka Ubungo saa sita na alitaka kufuturu kwake. "Mwambie mwenyewe akija. Asije akauza kwa bei ya skrepa gari zima. Ukimwambia na bado ukalitaka, mtaelewana bei. Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia, mjomba."

Nikamsindikiza hadi kwenye daladala.

Kijana alirudi saa saba kasoro, kichwa kimelowa maji ya udhu. Alikuta kava limeshafungwa. Vichwa vya bolti vilikuwa mfukoni mwangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilivitia mfukoni kabla hajafika, maana mtu anayekusudia kusema angeviacha juu ya meza.

"Mjomba wako amesemaje?"

"Anasema injini ina tatizo," nikajibu. "Huko juu, kwenye kemshafti."

Kila neno lilikuwa kweli. Akauliza ni tatizo kubwa? Nikavuta pumzi, nikasema, "Kemshafti si mchezo, kaka." Akakaa kwenye tairi. Baada ya muda akasema milioni sita na nusu. Hakuna aliyekuwa amemwomba apunguze.

Hapo ningeweza kutoa pesa. Lakini akili ilikuwa imeshakwenda mbali zaidi: nikimfikisha tano, natengeneza kwa hela ndogo, nabaki na milioni nne na zaidi, nanunua na kiwanja cha mama. Niliona hadi hati ya kiwanja. Nilijisikia mtoto mwema kabisa. Nikamwambia tano. Akaomba alale nalo, aongee na kaka yake.

Usiku baada ya futari mjomba akapiga simu. Amefika salama, barabara ilikuwa nzuri. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kashukuru sana, mjomba."

Kesho yake sikupiga simu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba anayepiga kwanza ndiye anayepandisha. Kesho kutwa nikapiga. Alisema, kwa ule upole wake, "Samahani kaka, nimeshaiuza. Dalali mmoja wa Ilala. Milioni tano na nusu, kachukua hapo hapo, hakuangalia hata ndani." Akanishukuru kwa kumwambia ukweli kuhusu injini, kwa sababu na yeye alimwambia dalali kama nilivyomwambia, asije akamdhulumu mtu mwezi wa Ramadhani.

Jumamosi nikaenda Mikocheni na pesa kwenye mfuko wa nailoni. Dada wa benki alihesabu haraka kuliko mashine, tukaandikishana, akanipa kadi ya gari na daftari lake. Altezza ilikuwa gari zuri. Nimeiendesha miaka minne, haikuniangusha hata siku moja, na watu wakiniuliza kwa nini niliichagua kuliko Celica nilikuwa na maelezo marefu: milango minne, inasukuma kwa nyuma, gia sita, daftari la huduma. Maelezo hayo niliyasema vizuri kiasi kwamba kuna mwenzangu wa chuo alinunua ya kwake kwa kunisikiliza mimi.

Vichwa vya bolti nilivitupa kwenye mtaro wa Sinza usiku mmoja, halafu nikarudi asubuhi kuvitafuta. Sijui nilitaka kuvifanyia nini. Sikuviona.

Mwaka uliofuata mjomba alikuja Dar kufuata spea Gerezani. Nilimpokea Ubungo jioni, tukashika Sam Nujoma kwenda Mwenge, anaiguza dashibodi kwa ncha za vidole, ananiuliza oili nimebadilisha lini. Karibu na Mlimani City gari la bluu likatupita kushoto, pale ambapo halikutakiwa kupita. Lilikuwa kwenye gia ya pili. Likapanda, likapanda, kisha likapiga ule ukelele.

Sikuhitaji kuangalia bampa, lakini niliangalia. Bluu mbili.

Mjomba aligeuka kwenye kiti na kulifuata kwa macho hadi likapotea kwenye foleni ya taa.

"Ile si ya yule kijana?"

"Inafanana."

"Ndiyo yenyewe. Umeisikia? Kaitengeneza." Akacheka kwa furaha ya fundi aliyepata jibu lake. "Alhamdulillahi. Ulimwelekeza vizuri."

Nikasema ndiyo, mjomba.