Harufu ya mkate kwenye shampeni: nimeipata gizani

Jaribio la tano, Jumamosi usiku. Nimeisikia! Naandika sasa hivi kabla sijalala, maana kesho nitaanza kujitilia shaka.

Mnaofuatilia daftari hili mnakijua kilio changu. Kila anayeonja shampeni anataja mkate, mkate wa kubanika, keki. Mimi chupa nne mfululizo nimeambulia limau, tufaha bichi na baridi. Nilishaanza kuamini watu wanakaririshana tu. Na sababu ya harufu hiyo naijua: mvinyo unachachuka mara ya pili ndani ya chupa, hamira inakufa, inalala chini kama mashapo na kujimeng'enya taratibu. Champagne, eneo la Ufaransa inakotoka shampeni, hawaruhusu chupa ya kawaida itoke kabla ya miezi 15, na iliyoandikwa mwaka wa mavuno ni miaka 3. Prosecco, mvinyo wa viputo wa Italia, nyingi huchachushiwa kwenye tangi, ndiyo maana hubaki na tunda tupu. Kichwani yote yamo. Puani, sifuri.

Nikatuhumu kila kitu. Kwanza sabuni: nikaosha glasi kwa maji ya moto matupu, nikazipangusa kwa kitambaa cha pamba. Viputo viliongezeka kweli, kwa kuwa huzaliwa kwenye vinyuzi vinavyonasa kwenye kioo, lakini harufu wapi. Nikatuhumu dawa ya mbu, nikahamia barazani. Nikatuhumu mafua ambayo sikuwa nayo.

Leo ilikuwa shampeni ya Bollinger Special Cuvée, tumechanga watu watatu na bado imeuma. Glasi ya kwanza: limau, baridi. Wenzangu wanatikisa vichwa kama wajuzi, na nina hakika nao hawakusikia kitu. Mara giza. Uniti za LUKU zimeisha, feni kimya, nikatoka nje na simu kutafuta mtandao wa kununulia. Glasi nikaiacha mezani.

Mke wangu hanywi. Kazi yake kwenye mradi huu ni kunitania. Akapita na tochi, akaiinua glasi isije ikapigwa kikumbo, akainusa.

"Baba Salma, mbona hii inanuka beseni la maandazi?"

Nilirudi mbio. Ndiyo yenyewe. Beseni la alfajiri, unga umeumuka usiku kucha, unafunua kitambaa na ule uchachu mtamu unakupanda usoni. Nyuma yake ganda la boflo lililoungua kidogo, halafu korosho za kukaanga, mwisho kabisa. Miezi yote mimi nilikuwa nawinda mkate wa slesi wa dukani!

Kipimajoto cha jikoni kilisoma nyuzi 13. Friji yangu ni 4. Vitabu vinasema 8 hadi 10, mimi kuanzia leo naanzia 10 na kuendelea; kwa joto la Dar huhitaji hata kusubiri. Jambo la pili ni glasi. Ile ndefu nyembamba ilivunjika mwezi uliopita, nikalazimika kutumia ya mvinyo mweupe, yenye tumbo. Sitanunua nyingine. Ile ndefu inakurushia gesi ya kaboni puani mpaka inachoma, utasikia nini hapo? Ni nzuri kwa picha za harusi. Na wale wa kutumbukiza kijiko kwenye shingo ya chupa ili gesi isitoke, nimejaribu, ni uzushi. Nunueni kizibo cha kubana.

Mpango wa wiki ijayo ulikuwa kulinganisha shampeni za rangi ya waridi. Nimeuahirisha, kwa sababu kuna wazo limenikaa: kujitengenezea yangu nyumbani. Cap Classique (mvinyo wa viputo wa Afrika Kusini unaotengenezwa kwa njia ya shampeni) ya kwanza, Kaapse Vonkel ya mwaka 1971, ilitengenezwa kwa Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe. Dodoma tunayo Chenin Blanc. Kinachohitajika ni hamira na sukari gramu 24 kwa lita, yaani gramu 18 kwa chupa, ambayo hutoa shinikizo la gesi la takriban angahewa 6 ndani ya chupa. Chupa nzito tupu sasa ninazo tano. Kizibo cha chuma kama cha soda, ila kipana kidogo kulingana na mdomo wa chupa, kinatosha kwa kipindi cha mashapo. Hata kule Champagne wengi hutumia hicho hicho.

Mama Salma ameshasikia neno "angahewa" na ameuliza maana yake. Amesema chupa zikae banda la kuku. Kuku nao sijui watasemaje.