Beringi za mbele zikianza kuvuma

Ukiwa na gari ya porini yenye tairi za matope, kelele ushaizoea. Tairi zenyewe zinavuma, vyuma vya nyuma vinagongana, upepo unapiga kwenye keria, kwaiyo beringi ya mbele ikianza kulia mtu anaweza kukaa nayo miezi anadhani ni tairi tu. Na hapo ndo shida ilipo, maana kubadilisha beringi sio kazi ngumu kiviile. Ugumu uko mwanzoni, kujua kama kweli ni yenyewe na iko upande gani, alafu uko mwishoni kabisa kwenye kukaza ile nati kubwa. Katikati pale ni kufungua, kufunga na kuchafuka.

Tuanze na mlio. Beringi iliyochoka inavuma kama ndege inayopita mbali, na mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda, haijali uko gia gani wala umekanyaga mafuta au umeachia. Tairi nayo inavuma lakini inabadilika na barabara, ukitoka lami mbovu ukaingia lami laini inanyamaza au inabadilisha sauti, beringi haina habari na lami yako. Ukipata sehemu wazi isiyo na magari, kwa mwendo wa wastani, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwaiyo mvumo ukiongezeka hapo mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia, na kinyume chake. Nasema mshukiwa kwa sababu sauti inasafiri kwenye chesisi na inadanganya, nshaona watu wanaapa ni kushoto kumbe kulia, kwaiyo usiagize vifaa kwa masikio peke yake.

Dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na beringi ni breki. Beringi ikilegea diski inayumba na kusukuma pedi ndani ya kalipa (kile kishikio cha pedi za breki), sasa ukija kukanyaga breki pedali inashuka mbali mara ya kwanza, ukipampu mara ya pili inarudi juu fresh. Watu wanatoa upepo kwenye breki mpaka wanachoka na tatizo liko palepale.

Sasa nyanyua gari. Weka stendi chini ya ekseli, usiamini jeki peke yake, gurudumu la nyuma liwe na kizuizi. Shika tairi juu na chini, vuta huku unasukuma kule. Ikicheza, usikimbilie kusema beringi! Mwambie mtu akanyage breki aishikilie, alafu tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi, maana breki imefunga habu (kitovu kinachobeba tairi) na nako (chuma kinachogeuka na usukani) kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, tazama kingipini au boljointi, yaani viungo ambavyo nako inageukia, kutegemea gari yako ina nini. Na ukishika kushoto na kulia ya tairi ikacheza hivyo tu, huku juu na chini imetulia, hiyo mara nyingi ni tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani), hamna cha beringi hapo. Hili la kukanyaga breki ni dakika moja tu lakini linaokoa pesa nyingi kuliko kifaa chochote nilichonacho kwenye boksi.

Baada ya hapo zungusha tairi kwa mkono mmoja, mkono mwingine uwe umegusa springi. Beringi mbovu utaisikia mkononi, kuna kitu kama mkwaruzo kinapita kwenye chuma. Ukirudi safari gusa habu pia, linganisha pande mbili. Zote zikiwa vuguvugu ni kawaida, ila moja ikikuunguza na nyingine iko poa kuna jambo, ingawa breki inayobana nayo inafanya hivyohivyo, kwaiyo hakikisha kwanza tairi inazunguka huru.

Hapa naongelea zaidi gari zenye ekseli ngumu ya mbele na beringi mbili za rola za mteremko (zimechongoka kama koni) kila upande, ndogo nje na kubwa ndani, kama Land Cruiser za 70 na 80, Patrol na Defender za zamani na jamaa zao. Hii aina ya rola sio kitu kipya, Henry Timken alipata hataza yake mwaka 1898, na uzuri wake ni kwamba inabeba mzigo wa juu na wa pembeni kwa pamoja, alafu inarekebishika. Jeep Wrangler wanatumia habu nzima iliyofungwa na bolti tatu, ikichoka unatoa yote unaweka mpya, hamna cha kurekebisha. Kuna nyingine beringi imeshindiliwa kwa presi, hiyo usipigane nayo nyumbani na nyundo.

Kwanini zinakufa mapema kwenye gari ya porini? Namba moja ni maji. Umetembea umbali, habu imepata moto, unaingia mtoni, hewa iliyo ndani inapoa ghafla inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Sili ikiwa na matope makavu kwenye mdomo wake ndo kabisa mlango uko wazi. Maji yakichanganyika na grisi inageuka nyeupenyeupe na kazi yake imeisha, rola zinaanza kutu. Namba mbili ni rimu zilizotokeza nje sana na zile speisa za kusogeza tairi nje, unaongeza mkono wa mzigo juu ya beringi ambayo haikupigiwa hesabu hiyo, gari inapendeza kwenye picha ila beringi ndo inalipa. Alafu kuna oili ya difu inayovuja kwenye sili ya ndani ya ekseli, inapita kwenye sivijointi (kiungo cha shafti kinachoruhusu tairi kukata kona) mpaka kwenye habu na kuyeyusha grisi. Ukikuta grisi imekuwa nyepesi inatiririka na inanuka oili ya gia, kubadilisha beringi bila kushughulika na ile sili ni kurudia kazi baadae.

Kwenye kufungua sitakaa sana. Toa tairi, toa kalipa uining'inize kwa waya, isibebwe na mpira wa breki. Toa kifuniko cha vumbi na ile klipu ya kwenye ncha ya shafti, alafu nati za flanji, ile sahani inayounganisha shafti na habu (au frihabu, ile ya kufunga na kuachia tairi, kama unayo). Kwenye Land Cruiser kuna washa za koni zimebana kwenye zile stadi (bolti zilizosimama kwenye habu), hizo hazitoki kwa kuvuta. Rudisha nati hadi ilingane na mwisho wa stadi ili usiharibu nyuzi, kisha gonga kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Ndani utakuta nati mbili kubwa na washa ya kufungia katikati, nyoosha masikio ya washa, fungua. Habu ikija jiandae kudaka beringi ya nje, inapenda sana kudondokea mchangani.

Na hapa niseme kitu kinachoniudhi. Ile nati ya 54 kwenye Land Cruiser au 52 kwenye Defender ina soketi yake. Mafundi wengi wanaigonga na patasi kuifungua na kuifunga, ukifungua habu yoyote iliyopita mikononi mwa watu utakuta nati imeliwa kona zote na vipande vya chuma viko ndani ya grisi. Sio uzuri wa nati ninaoulilia, ni kwamba patasi haiwezi kukupa kipimo, na kazi hii yote ni kipimo. Patrol nazo zina nati yenye matundu na kifaa chake cha pini, hadithi ni ileile.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, lakini usizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, ni hatari na inajikwaruza. Sasa soma beringi ya zamani kabla hujaitupa. Rola zenye rangi ya buluu au kahawia zimeungua, ama grisi iliisha ama ilikazwa kupita kiasi. Vishimo na magamba juu ya chuma ni uchovu wa umri au mzigo. Mistari meusi iliyoachana sawasawa kama nafasi za rola ni maji, gari ilisimama na unyevu ndani. Ukijua ilikufa kwa nini unajua cha kurekebisha, ukitupa bila kuangalia hiyo mpya itakufa vilevile.

Beringi na kikombe chake cha nje, ile ringi rola zinapozungukia, ni ndugu, vinabadilishwa pamoja hata kama kikombe kinaonekana safi. Kukitoa kuna nafasi ndani ya habu ambapo unaweza kuingiza fimbo ya shaba, gonga huku na kule kwa zamu kisiende upande. Kuweka kipya, kilaze kwenye friza usiku mzima kisinyae kidogo, alafu kisukume kwa kutumia kikombe cha zamani ulichokisaga kipungue upana, ili kisinase humo. Sikiliza sauti ya nyundo, ikibadilika ikawa nzito na kavu kimefika chini. Kikibaki na nafasi hata ya unywele, kitashuka chenyewe ukiwa njiani na mchezo utarudi, afu utalaumu beringi.

Grisi tumia ya beringi inayovumilia joto, litiamu kompleksi namba 2 inafaa sana, na usiichanganye na ya zamani usiyoijua, grisi nyingine zikikutana zinalainika. Weka kwenye kiganja, sukuma ule upande mpana wa beringi mpaka grisi itokeze juu kati ya rola, zungusha, endelea. Kupaka nje tu hakuna maana. Beringi ya ndani ikiingia piga sili mpya, usirudishe ya zamani hata iwe inang'aa, na mdomo wake upake grisi.

Sasa kukaza, hapa ndo tulipokuwa tunakwenda. Rola za mteremko zinataka kubanwa kidogo kabla ya kazi, zikilegea mzigo unakaa kwenye rola chache, zikibanwa sana zinapika. Kitabu cha Land Cruiser 80 kinasema kaza nati ya ndani karibu Nm 60 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), zungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa beringi zikae, legeza, kaza tena kidogo sana karibu Nm 5, kisha upime kwa mizani ya springi. Funga mizani kwenye stadi ya gurudumu, vuta, habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.7. Mizani ya samaki inatosha kabisa. Gari yako ina namba zake, tafuta kitabu chake, usichukue hizi kama ni nyingine.

Wengi wanakosea hapa: wanapima, wanafurahi, alafu wanaweka washa na nati ya nje wanakaza na kuondoka. Nati ya nje ikikazwa inasukuma ile ya ndani kupitia nyuzi, kipimo kinapanda. Kwaiyo pima TENA baada ya nati ya nje. Ikizidi fungua, legeza ya ndani kidogo, rudia. Inachosha, ndio, inaweza kwenda na kurudi kadhaa, ila ndo kazi yenyewe hiyo. Mi napenda iwe upande wa juu wa kipimo kama gari ina tairi kubwa, maana beringi mpya zinalegea kidogo zikishakaa. Ikiridhisha kunja masikio ya washa, moja ndani na moja nje, rudisha flanji na gasketi mpya. Ile klipu ya shafti ikigoma kuingia, funga bolti kwenye tundu la ncha ya shafti uivute nje kidogo.

Kabla ya kuondoka pampu breki mpaka pedali irudi juu, pedi zilisukumwa ndani na mara ya kwanza hamna kitu. Endesha kilomita kumi hivi, gusa habu zote mbili. Baada ya kilomita mia chache nyanyua tena, tikisa juu na chini, ikicheza kaza upya. Ukivuka maji yaliyofunika habu fungua uangalie grisi mapema, usisubiri kilomita 40,000 au 50,000 za sevisi. Na kama ulibadilisha pande zote mbili na beringi ulizotoa upande wa pili bado nzima, zioshe, zipake grisi, zifunge kwenye nailoni pamoja na sili moja na ile soketi, ziwekwe kwenye boksi la gari.