Unga wa Manjano wa Bonde la Mpunga

Katika mitaro ya mabonde yetu ya mpunga hapa Unguja huota manyasi marefu ambayo wengi wetu huyajumlisha na matete, ingawa wataalamu huyatenga na kuyaita Typha; utayatambua kwa kikonyo cha kahawia kilichosimama kama mshikaki wa kababu. Wakulima huyafyeka kwa kuwa huziba maji, wala siwalaumu. Hata hivyo, kabla kikonyo hakijakomaa, sehemu yake ya juu, ambayo ndiyo yenye maua dume, hutoa kwa siku chache tu chavua nyingi ya manjano, laini kuliko unga wa mchele, kwani mmea huu hutegemea upepo kuchavushwa.

Mimi huenda kuichuma kwa ajili ya jikoni asubuhi umande ukishakauka, nikainamisha kila shina ndani ya mfuko wa karatasi na kulitikisa taratibu. Nyumbani huichekecha kwa kitambaa cha melimeli ili kuondoa nyuzi na wadudu, kisha huianika kivulini siku hiyo hiyo, maana ikilala na unyevu huota ukungu.

Majini siingii. Maji baridi yaliyotuama katika visiwa vyetu yana konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Kwa hiyo husimama ukingoni na kulivuta shina kwa fimbo yenye kulabu. Mitaro inayopokea maji machafu au iliyo karibu na mashamba yaliyopigwa dawa naiepuka kabisa, kwa kuwa mmea huu hufyonza sumu, na mwenye mzio wa chavua namsihi asiionje.

Jikoni, chavua huelea juu ya maji na kukataa kulowa. Kwa mkate wa kumimina, huichanganya kwanza na sukari, ndipo nikaitia kidogo kidogo katika mchele uliosagwa kwa tui. Mama mdogo alipouona mkate aliniuliza, "Mwanangu, umetia zafarani?" Wenzetu wa Basra, mji ambao wazee wetu waliujua kwa tende zilizokuja na majahazi ya kaskazi, huipika chavua hii kwa mvuke pamoja na sukari ikawa kitu kitamu kiitwacho khirret, nao Wamaori wa New Zealand waliikanda kwa maji na kuioka mikate.

Mwenye bonde ninakochuma ameridhia kuuacha ukingo mmoja wa mtaro bila kuufyeka mpaka vikonyo vimalize kumwaga.